MSONGAMANO KATIKA NJIA ZA INTANETI NA JINSI BEI ZAKE ZINAVYOPANGWA

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi katika semina ya Chama Kikuu)



Kila chama cha msingi siku hizi kina fungu la matumizi ambalo wazee walioanzisha ushirika hawakulijua. Katika daftari la fedha huandikwa "vifurushi" au "bando", na aghalabu fungu hilo hupita katika mkutano mkuu bila mtu kuuliza swali. Si fungu kubwa likilinganishwa na usafirishaji wa mazao au ununuzi wa magunia. Hata hivyo hulipwa kila wiki, mwaka mzima, na fedha yake hutoka katika ushuru unaokatwa kwa kila kilo ya mkulima. Juu ya hayo, taarifa za chama hupelekwa kwa Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Malipo ya wakulima hupitia benki na simu. Na minada ya baadhi ya mazao huendeshwa kwa mtandao. Mtandao ukizidiwa siku ya malipo, anayesubiri si katibu peke yake. Anasubiri pia mkulima ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Shabaha ya maelezo haya ni kufafanua mambo matatu: kwa nini njia za intaneti husongamana, kwa nini makampuni hutoza bei za namna nyingi kwa huduma inayoonekana kuwa moja, na chama kifanye nini ili fedha ya wanachama isipotee. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya aina hii hupotea kwa wepesi zaidi, kwa kuwa haionekani kwa macho wala haiwekwi juu ya mizani.

Njia ni moja, watumiaji ni wengi

Simu ya zamani ya waya iliwapa watu wawili njia yao wenyewe tangu walipoanza kuzungumza mpaka walipokata. Hata waliponyamaza, njia ilikuwa yao, na mtu wa tatu hakuweza kuitumia. Intaneti haifanyi hivyo. Barua, picha au jedwali la malipo hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya inakokwenda, kisha huachiwa njiani pamoja na pakiti za watu wengine wote. Fikra hiyo ilitokana na kazi za Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza katika miaka ya 1960, na mtandao wa ARPANET, uliofuata mpango huo, ulianza kufanya kazi Marekani mwaka 1969. Faida yake ni dhahiri: nafasi aliyoiacha mmoja huchukuliwa na mwingine papo hapo, na gharama ya njia moja hugawanywa kwa watu wengi.

Lakini faida hiyo ina mzigo wake. Pakiti zikifika kwenye mtambo wa njia panda kwa wingi kuliko zinavyoweza kutoka, hujipanga foleni. Foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa, na kompyuta iliyozituma hulazimika kuzituma upya. Mtaalamu A. K. Erlang wa Denmark, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za mambo haya mwaka 1909. Kwa hesabu ya foleni iliyo rahisi kabisa, ambapo watu hufika bila zamu, njia ikitumika nusu ya uwezo wake, muda wa kupita huwa mara 2 ya muda wa njia tupu. Ikitumika kwa asilimia 90, muda huwa mara 10. Ikifika asilimia 99, muda huwa mara 100.

Hesabu hii si ngeni kwa katibu aliyewahi kusimama kwenye mizani wakati wa msimu. Wakulima wakija kidogo kidogo tangu asubuhi, kila mmoja hupimiwa na kwenda zake. Wakija wote saa nne, baada ya lori la kijiji cha pili kufika, mizani ni ile ile na karani ni yule yule, lakini wa mwisho hulala ghalani. Kilichoongezeka ni watu wachache tu, na kusubiri kumeongezeka kupita kiasi. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana ndilo shina la habari yote ya bei.

Mwezi Oktoba 1986 dunia ya intaneti, iliyokuwa bado ndogo, ilipata funzo. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, majengo yasiyoachana hata nusu kilomita, kasi ya mawasiliano ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, yaani sehemu 1 ya 800. Waya haukukatika wala mtambo haukuharibika. Kompyuta zilizoona pakiti zao hazijafika zilizituma tena. Kutuma tena kukaongeza foleni. Foleni ikapoteza pakiti nyingine. Na mambo yakazidi kuharibika. Mwaka 1988 Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels, alieleza dawa yake. Kila kompyuta inapogundua kwamba pakiti imepotea hupunguza kasi yake sana, kisha huiongeza tena hatua kwa hatua kadiri njia inavyoruhusu. Utaratibu wa namna hiyo ungali unatumika katika kompyuta na simu duniani kote.

Hivyo basi, intaneti imesimama juu ya jambo ambalo washirika wanalifahamu: kila mmoja kujizuia ili wote wapite. Lakini utaratibu huo hugawa nafasi kwa kila mawasiliano yaliyofunguliwa, si kwa kila mtu. Programu inayofungua mawasiliano 20 kwa wakati mmoja hupata mafungu 20, na mwenye moja hupata fungu 1. Ni kama mtu aliyejiandikisha kwa majina mengi wakati wa mgawo wa pembejeo. Daftari linaonekana safi, na mgawo si wa haki. Kwa sababu hiyo nidhamu ya mitambo peke yake haikutosha, na swali la bei likaingia.

Gharama ambayo hailipwi na anayeisababisha

Gharama kubwa ya mtandao ni ya kujenga: mkongo wa baharini, minara, mitambo, umeme, na vibali vya masafa. Vikishajengwa, kupitisha pakiti moja zaidi wakati njia ina nafasi hakugharimu karibu kitu. Gharama hubadilika njia inapojaa. Hapo pakiti ya mtu mmoja huchelewesha pakiti za wengine wote walio nyuma yake. Mwenye kuituma hulipa kuchelewa kwake mwenyewe tu; kuchelewa anakowasababishia wengine hakumo katika hesabu yake.

Mwanauchumi Arthur Pigou wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1920, kabla ya kompyuta, kwa mfano wa barabara mbili zinazokwenda mahali pamoja: moja fupi na nyembamba, nyingine ndefu na pana. Kila mtu hukimbilia ile fupi mpaka inasongamana kiasi cha kutokuwa na faida tena juu ya ile ndefu. Ushuru wa kiasi ukiwekwa kwenye barabara fupi, baadhi ya watu watahamia ile ndefu bila kupoteza chochote, maana safari zilikwisha kuwa sawa. Na waliobaki watapita upesi. Mwaka 1924 Frank Knight wa Marekani alijibu kwamba mmiliki binafsi wa barabara nyembamba angetoza ushuru huo huo bila kuagizwa na Serikali.

Kutokana na mabishano hayo vinapatikana vipimo viwili vya kupimia bei ya intaneti. Kwanza, bei inayopanda wakati wa msongamano na kushuka wakati wa nafasi yaweza kuwa na maana ya haki, na si lazima iwe wizi. Pili, mwenye njia anayepata fedha nyingi kwa sababu ya msongamano aweza kuona hana haraka ya kuipanua njia. Ndiyo maana Jeffrey MacKie-Mason na Hal Varian, walioandika mengi juu ya bei za intaneti katika miaka ya 1990, walisisitiza kwamba fedha inayotokana na msongamano itumike kuongeza uwezo wa mtandao. Hao ndio waliopendekeza pia mnada wa pakiti: kila pakiti ibebe bei ambayo mwenyewe yu tayari kulipa, na njia ikijaa zipite zenye bei kubwa, zote zikilipa si bei zilizotaja bali ile ya pakiti ya kwanza iliyokosa nafasi. Hesabu ilikuwa nzuri. Mnada huo haukupata kuwa utaratibu wa kawaida wa kuuza intaneti, kwa kuwa kupima, kuandika na kudai kila pakiti ni kazi yenye gharama, na watu hawapendi bei wasiyoweza kuijua mapema.

Namna za kutoza bei

Namna ya kwanza ni bei moja kwa mwezi, mtu atumie kidogo au atumie sana. Wateja huipenda kwa kuwa hawashtukizwi na deni. Ubaya wake ulionekana Marekani kwa kampuni ya AOL. Mpaka mwishoni mwa mwaka 1996, mteja wake wa kawaida alilipa dola 9.95 kwa saa 5 za mwezi, na dola 2.95 kwa kila saa ya ziada. Mwezi Desemba mwaka huo kampuni ikaanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Watu waliingia na hawakutoka. Wengine waliacha simu zimeunganishwa mchana kutwa kwa kuhofia kukosa nafasi baadaye. Wateja wakakuta mlio wa simu iliyoshikwa, malalamiko yakafika kwa wanasheria wakuu wa majimbo mengi, na mwaka 1997 kampuni ikalazimika kukubali kuwarudishia fedha walioshindwa kupata huduma. Bei iliyo moja kwa wote iliondoa hofu ya deni, ikaondoa pia sababu ya mtu kumwachia mwenzake nafasi.

Namna ya pili ni kutoza kwa ujazo. Mfano unaofaa kusomwa na washirika ni wa vyuo vikuu vya New Zealand. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Waikato kilianza kuendesha njia ya intaneti kuvuka Bahari ya Pasifiki. Njia ilikuwa nyembamba na ghali. Vyuo vikakubaliana kuichangia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaanza kupima ujazo wa kila kimoja na kulipa kwa kadiri ya matumizi. Sehemu ya mapato ilitumika kupanua njia, ikapanuliwa mara kwa mara. Aliyetumia zaidi alilipa zaidi, wala hakuna chuo kidogo kilichobeba mzigo wa chuo kikubwa. Huo ni ushirika, hata kama haukuitwa kwa jina hilo.

Namna ya tatu ni kutoza kwa saa na kwa mahali. Vifurushi vya usiku ni vya namna hiyo: mnara uliojengwa kwa ajili ya wingi wa watu wa jioni hukaa bila kazi saa nane za usiku, na chochote kitakachopatikana wakati huo ni faida. Nchini Uganda kampuni ya MTN ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa simu za kuongea, katika mpango ulioitwa MTN Zone. Punguzo la bei lilioneshwa kwenye kioo cha simu, na lilibadilika kwa kufuata saa na kwa kufuata mnara ambao simu ilikuwa chini yake. Mnara ukiwa na nafasi, punguzo lilikuwa kubwa, ukijaa, lilipungua. Watu walisubiri punguzo kabla ya kupiga. Somo la Pigou lilikuwa limefika mikononi mwa wananchi bila ya kulisoma kitabuni.

Namna ya nne ni kugawa madaraja. Andrew Odlyzko, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa AT&T, alitoa mfano wa reli ya chini ya ardhi ya Paris, ambayo hadi mwaka 1991 ilikuwa na mabehewa ya daraja la kwanza na la pili. Behewa la kwanza halikwenda kasi zaidi. Lilikuwa na watu wachache kwa sababu tu tiketi yake ilikuwa ghali. Huduma za intaneti za "biashara" na za "nyumbani" zina tabia hiyo. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, huduma ya waya wa simu iliyouzwa kwa nyumba ilipangwa kwa watumiaji hadi 50 wakishirikiana nafasi moja, na ile ya biashara kwa watumiaji hadi 20. Tofauti ya bei ilikuwa tofauti ya urefu wa foleni. Kwa hiyo tangazo linaposema kasi ni "hadi" kiasi fulani, neno la kuangaliwa ni hilo "hadi".

Vifurushi vilivyozoeleka Tanzania na nchi jirani ni mchanganyiko wa namna hizi zote: ujazo uliowekewa kikomo, siku za kwisha, saa za kutumia, na pengine programu maalumu tu. Hata kifurushi kiitwacho "bila kikomo" mara nyingi kina masharti kwamba ujazo fulani ukipitwa, kasi hupunguzwa. Mambo haya huwagusa watu kweli kweli. Mapema Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika Tanzania, malalamiko ya wananchi yalikuwa makubwa hata Serikali ikaagiza zisitishwe.

Bei ya jumla na njia za mbali

Makampuni yenyewe hununua kwa makampuni makubwa zaidi, na hununua kwa kipimo kingine kabisa. Kila baada ya dakika 5 hupimwa kasi inayotumika. Kwa mwezi wa siku 30 hupatikana vipimo 8,640. Vipimo hupangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, asilimia 5 ya juu, yaani vipimo 432, huondolewa, na malipo hufuata kipimo kikubwa katika vilivyobaki. Vipimo 432 ni sawa na saa 36. Maana yake, mnunuzi wa jumla hulipia ukubwa wa mlango anaouhitaji kwa kawaida wala halipii ujazo, na husamehewa saa 36 za fujo katika mwezi. Chama Kikuu chenye mkataba wa namna hiyo, kikiwa na siku 4 za malipo za saa 8 kila moja, kitakuwa na saa 32 tu za msukumo mkubwa, na msukumo huo hautapandisha bili. Msimamizi asiyejua jambo hili aweza kushawishiwa kununua njia kubwa ya mwaka mzima kwa ajili ya siku 4.

Njia ya mbali nayo ina bei yake. Kabla ya mikongo ya baharini kufika, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita karibu 36,000 juu ya dunia. Barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake aliyetumia kampuni nyingine ilipanda hadi setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi kwa njia hiyo hiyo, na safari zote mbili zililipwa kwa fedha za kigeni. Watoa huduma wa Kenya wakaungana kupitia chama chao, TESPOK, wakaanzisha mwaka 2000 kituo cha kubadilishana pakiti kiitwacho KIXP. Kilifungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya wiki chache, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata kituo cha namna hiyo, TIX, mwaka 2004. Katika vituo hivi wapinzani wa biashara huleta pakiti zao mezani pamoja na kubadilishana, na huchangia gharama za kuendesha. Pakiti za ndani hazisafiri tena ng'ambo. Washindani wamekuwa washirika katika jambo moja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anapoteza.

Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Njia zikapanuka na bei zikashuka. Lakini Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa wakati mmoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Njia chache zilizobaki zikalazimika kubeba mzigo wa zote, na foleni ya Erlang ikaonekana kwa kila mtu. Hakuna kifurushi, kiwe cha bei gani, kinachoweza kumvusha mtu katika njia ambayo haipo. Kwa hiyo kazi ya chama isiyoweza kungoja yapasa iwe na nakala ya karatasi au ya kompyuta isiyotegemea mtandao.

Yanayowapasa vyama

Na ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo bei zake si za kampuni yoyote. Chama kinanunua kifurushi cha siku cha megabaiti 1,000 kwa shilingi 2,000, siku 20 za kazi katika mwezi, na kila siku kinatumia megabaiti 300 kabla kifurushi hakijaisha muda. Tangazo linasema megabaiti moja ni shilingi 2. Kwa matumizi halisi ni shilingi 6 na senti 67. Kwa mwezi chama kimelipa shilingi 40,000 kwa megabaiti 6,000. Kifurushi cha mwezi cha megabaiti 10,000 kwa shilingi 25,000 kingeonekana ghali kwa tangazo, maana megabaiti moja ni shilingi 2 na senti 50. Lakini kingetosheleza kazi ile ile na kuokoa shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani shilingi 180,000 kwa mwaka. Katika Chama Kikuu chenye vyama 30 vya msingi vyenye matumizi ya namna hiyo, ni shilingi 5,400,000. Fedha hiyo hakuna aliyeiba. Imekwisha muda usiku wa manane, siku baada ya siku.

Kutokana na hayo, mambo yafuatayo yanafaa kufikishwa mbele ya kila bodi.

Kwanza, kuwe na daftari la intaneti lenye tarehe, aina ya kifurushi, bei, ujazo ulionunuliwa, ujazo uliotumika, ujazo uliokufa, na kazi iliyofanyika. Simu ya chama itenganishwe na simu ya katibu. Vikichanganywa, hata katibu mwaminifu hana njia ya kujitetea mbele ya mkaguzi.

Pili, bei ihesabiwe kwa ujazo uliotumika, wala si kwa ujazo uliotangazwa. Hesabu ifanywe kwa miezi mitatu, ikiwa pamoja na mwezi mmoja wa msimu, kabla ya kuchagua kifurushi.

Tatu, mzigo upunguzwe kabla ya kusafirishwa. Kurasa 20 za orodha ya malipo zikipigwa picha kwa simu, kila picha ikiwa na megabaiti 4, ni megabaiti 80. Katika njia inayopitisha biti 2,000,000 kwa sekunde zitachukua zaidi ya dakika 5, na njia ikijaa ni mara nyingi zaidi. Orodha hiyo hiyo ikiandikwa kama jedwali la kompyuta ni sehemu ndogo sana ya megabaiti moja.

Nne, kazi isiyo na haraka ifanywe saa ambazo njia ina nafasi. Programu za simu na kompyuta zizuiwe kujisasisha mchana. Taarifa za mwezi zisingojee siku ya mwisho, siku ambayo vyama vyote vinangoja pia.

Tano, vyama vilivyo karibu vifikirie kununua pamoja kupitia Chama Kikuu. Vyama vingi vikiwa na siku tofauti za malipo, njia moja yaweza kuvitosha vyote, kwa sababu ile ile iliyofanya pakiti zishinde simu ya zamani. Lakini ununuzi wa pamoja bila kipimo huleta ugomvi. Kabla ya kutia sahihi, ikubaliwe kwamba kila chama kitapimwa, kwamba kitalipa ada ndogo ya msingi na sehemu inayofuata matumizi, na kwamba ziada ya mwaka itatengwa kwa kupanua njia.

Jambo hilo si la ndoto. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1949 iliruhusu mikopo ya Serikali kwa ajili ya simu za vijijini, na vyama vya ushirika vya wakulima vikajenga njia za simu mahali ambapo makampuni hayakuona faida. Vingi vya vyama hivyo sasa vinauza intaneti. Katika jimbo la Catalonia, Hispania, wakazi wa vijiji vya Osona walianza mwaka 2004 mtandao wa guifi.net, ambao watu na makampuni huujenga kwa sehemu na kuutumia kama mali ya wote, na makampuni yanayofanyia biashara humo hufanya hesabu ya kufidiana kati ya aliyechangia zaidi na aliyetumia zaidi. Watu hao walikubali kupimana, na kwa kuwa walipimana hawakuvunjika.

Ndugu Wanachama, mizani ya mazao ilipoingia vijijini, wakulima wengi hawakujua kuisoma, na waliojua walifaidika kwa kutojua kwa wengine. Ushirika uliwafundisha wanachama kusoma mizani. Mizani ya intaneti ni ujazo, muda na foleni. Mkutano mkuu ujao, fungu la vifurushi litakaposomwa, na apatikane mwanachama mmoja wa kuuliza: kilinunuliwa kiasi gani, kilitumika kiasi gani, na kilikufa kiasi gani? Na katibu awe na daftari la kujibia.